Bakuli Lililorudi Limeoshwa

Mashine ilikuja katika boksi lililozungushiwa utepe wa gundi mara nne, nami nikaliacha juu ya meza siku mbili kabla ya kulifungua. Hamu nilikuwa nayo. Ila nilikuwa narudi kutoka kuchuma majani chai nikiwa nimechoka, na kitu kigeni hakifunguliwi na mtu aliyechoka. Ndivyo vipande vidogo vinavyopotea. Siku ya tatu mvua kubwa ilinizuia shambani. Nikalifungua, nikapanga kila kipande juu ya gazeti, nikakaa na kijitabu cha maelezo.

Mimi huanza na kijitabu. Shule niliiacha darasa la nane, na mengi ninayoyajua leo nimeyatoa kwenye karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili yangu: maelezo ya ndani ya paketi za dawa, vitabu vya mitumba vya Kisii mjini, magazeti yaliyofungiwa vitu dukani. Kamusi yangu imepoteza jalada na herufi mbili za mwisho. Kijitabu hicho nilikisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu.

Majirani waliiita blenda. Si blenda. Blenda ina jagi refu, na usipoitilia maji haizunguki. Hii ina bakuli pana, kisu chenye makali mawili yaliyopinda kinachokaa chini kabisa, na sahani mbili za chuma, moja ya kukata na moja ya kukwangua. Inasaga kitu kikavu kikabaki kizito. Kwetu tofauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko mashine yenyewe.

Baba mkwe wangu alikuwa amepooza upande wa kulia. Mkono, mguu, nusu ya mdomo, na koo. Kliniki ilisema chai, maji na supu nyepesi vinamkimbilia kwenye njia ya pumzi, na chakula chenye mabonge kinamkaba. Apewe kitu cha katikati: kizito, laini, kisicho na punje, akiwa ameketi wima. Wakampima uzito, wakaandika, wakasema akirudi akiwa amepungua tena watampitishia mpira puani wa kumlishia. Alikuwa mwashi maisha yake yote. Nyumba nyingi za mawe upande wetu wa Kebirigo zimepita mikononi mwake. Aliwajibu kwa ule upande wa mdomo uliobaki kwamba mpira ni wa gari, na mtu akitiwa mpira atembezwe barabarani. Mama mkwe ndiye aliyenisimulia. Aliongeza kwamba wakiwa njiani kurudi mzee alimwambia jambo jingine bila mzaha: siku watakayoleta huo mpira, asimzuie kufa.

Kwa hiyo wifi yangu, dada ya mume wangu, anayetunza wazee ng'ambo, alituma mashine. Na kwa kuwa mume wangu yuko Mombasa na ndugu zake wametawanyika, kazi ya kupika ilikuwa yangu, na ya kulisha ilikuwa ya mama mkwe.

Haikuwezekana vinginevyo. Nimeolewa katika boma hili zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kumpa baba mkwe mkono. Chumba chake cha kulala sijakikanyaga. Naye hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu, hata siku moja mvua ya mawe ilipomkuta uani kwangu. Alisimama chini ya mgomba akiwa amefunika kichwa kwa sufuria ya kunyweshea kuku, nami nikasimama mlangoni nikiangalia pembeni. Sisi tunaita jambo hilo chinsoni, ile heshima ya kukaa mbali baina ya mkwe na mkwe. Mtu asiyeifahamu atadhani tunachukiana. Alikuwa akitaka kunisalimu anakohoa kando ya ua, na mimi nilijua kikohozi cha salamu na kikohozi cha vumbi la simiti.

Jiko la mama mkwe ni la kuni na stima haijafika humo. Nikawa nasaga kwangu, naye anakuja kuchukua bakuli, analipeleka chumbani nisikoingia, analirudisha. Nilikuwa nampikia mtu nisiyemwona akila.

Siku zangu zilienda hivi. Naamka kabla ya jua, nachuma majani chai mpaka kikapu kijae, nabeba hadi kituo cha kuuzia, nasubiri mizani, narudi. Nawasha moto. Wakati chakula kinachemka nafua au nakata nyasi za ng'ombe. Nasaga. Kisha naosha mashine, na hapo ndipo nguvu zangu zilipokuwa zinaishia. Ina vipande saba. Mboga hujificha chini ya kisu, ndani ya mpira wa kifuniko, kwenye tundu la kusukumia. Nilitenga mswaki mzee kwa kazi hiyo. Usipoosha papo hapo, majani yanakauka na kuwa kama rangi ya ukutani. Vidole vyangu vyeusi kwa utomvu wa chai viliacha alama kwenye plastiki nyeupe, na alama hizo hazitoki hata leo.

Nilifungua daftari. Ukurasa mmoja kwa wiki, na mistari ya kalamu: nimepika nini, nimesaga kwa muda gani, nimeongeza nini, bakuli limerudi vipi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kila kitu katika kila kijiko, kwa sababu huenda akameza vijiko vichache. Nikaweka ugali kidogo, mboga, nyama, maharagwe na mafuta, vyote pamoja ndani ya lile bakuli pana, nikasaga mpaka nisione tena kipi ni kipi. Kilitoka kitu kimoja chenye rangi kati ya kijani na hudhurungi. Nilikionja. Hakikuwa kibaya wala kizuri. Nikaandika: laini, hakuna punje.

Na safu ya mwisho ya daftari ilinitia moyo. Limerudi tupu. Limerudi tupu. Limerudi tupu, na mayai mawili ndani. Mama mkwe hakuwahi kurudisha bakuli langu bila kuliosha na kulikausha, na mara nyingi aliweka kitu ndani, mayai au ndizi mbivu. Ndivyo alivyolelewa. Nilimuuliza kila siku, naye kila siku alijibu neno lilelile.

"Amekula, Mama?"

"Amemaliza."

Kisha akaniletea saa. Saa ya mkononi ya mzee, ya mkanda wa ngozi, anayoivaa hata kitandani.

"Nitobolee tundu hapa," akasema. "Inamteleza mpaka kwenye kiwiko."

Nilipasha msumari moto nikatoboa. Hazikupita siku kumi akaileta tena. Nikatoboa tundu jingine, nyuma ya lile la kwanza. Daftari lilisema kuna mtu anakula. Mkanda ulisema hali chochote. Usiku ule nilirudia kurasa zote nikitafuta kosa: labda mafuta ni machache, labda maharagwe hayamkai. Nilitafuta kosa katika kila safu isipokuwa ile ya mwisho.

Zilibaki wiki tatu kabla ya kliniki.

Niligundua kwa bahati. Mvua ilikatiza uchumaji nikarudi mapema, nikapitia nyuma ya nyumba ya wakwe kuokota shuka iliyopeperushwa na upepo. Chini ya mgomba wa nyuma kuku wote wa boma walikuwa wamekusanyika, wanasukumana. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yao na bakuli langu mkononi, limeinamishwa. Kwenye udongo kulikuwa na kitu cha kijani na hudhurungi. Hata kuku wasingekuwa wamekizunguka ningekitambua. Kijiji kizima hakuna mtu mwingine anayesaga mboga mpaka ipoteze nyuzi.

"Mama," nikasema. "Hiyo ni mboga yangu."

Aligeuka taratibu. "Mboga ni mboga."

"Hiyo imesagwa."

"Kuku hawa nao!" Akawapiga teke la hewani. "Mtu akidondosha kitu kidogo, wanamtangazia kijiji."

"Leo amekula vijiko vingapi?"

"Wewe na kuhesabu kwako. Viwili."

"Na jana?"

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaweka bakuli magotini, akaanza kulifuta kwa pembe ya leso ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha ndani yake.

"Ningekuambia nini, mkamwana? Unatoka kwenye majani chai mgongo umepinda. Unawasha hicho chuma chako kinalia kama pikipiki. Halafu unakiosha kidude kimoja kimoja kama vyombo vya hospitali. Nije nikuambie mzee amesema nini?"

"Amesema nini?"

"Usiniulize."

"Mama."

"Amesema hajawahi kuona ng'ombe mmoja akimtafunia mwenzake."

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe. Naye akacheka, mabega yakamtikisika, kisha akatumia ileile pembe ya leso kujifuta macho.

"Na anasema meno yake yapo. Kilichokufa ni koo. Kwa nini anapewa kitu ambacho kimekwisha kuliwa mara moja?"

"Na kile kinachobaki siku zote? Chote kinakwenda kwa kuku?"

"Chote? Chakula cha mtu anakimwaga nani? Nilikuwa nakila mimi. Sina njaa, nakila tu. Nakila mpaka nashindwa, ndipo kuku wanapata."

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kweli mashavu yake yalikuwa yamejaa. Nilikuwa nimemnenepesha mama mkwe kwa chakula cha mgonjwa, na kukiandika kwa kalamu.

Sikumkasirikia. Nilikuwa nimechoka mno kwa hilo, na zaidi ya hapo kosa lilikuwa langu. Mtu anayejigamba kwa daftari angepaswa kujua kwamba bakuli lililooshwa halisemi kitu. Nimekulia katika desturi hiyohiyo. Mimi mwenyewe sijawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kichafu. Nililiona bakuli safi kila siku na sikuliuliza limesafishwa na nini.

"Anataka nini?" nikauliza.

Mama mkwe alinitazama kama niliyeuliza jua linatokea wapi.

"Obokima. Angetaka nini tena? Ugali wa wimbi, na mboga ya chinsaga pembeni. Tangu amelala pale anasema hajala. Namwambia, jana ulikula. Ananiuliza, obokima ulikuwa wapi?"

Hilo nalo nilipaswa kulijua. Mtu wa umri wake anaweza kula ndizi sufuria nzima, na viazi, na mahindi, kisha akaulizwa na mgeni kama amekula akajibu hapana, kwa kuwa hakuona ugali. Mimi nilikuwa nimeuweka ugali wake ndani ya mashine na kuuficha.

Siku iliyofuata nilianza upya. Nilipika ugali wa wimbi kama apikiwavyo mzee, mweusi na mgumu, nikaukata vipande nikavitia mashineni peke yake. Nilifikiri: kama kisu kinalainisha nyama, kitashindwaje na ugali? Kwa dakika ya kwanza ulikatikakatika vizuri. Kisha ukaanza kung'aa. Vipande vilirudiana, vikawa bonge moja lililojizungusha kwenye kisu, na mlio wa mashine ukashuka kutoka kwenye kulia hadi kuguna. Nilisikia harufu ya waya wa moto. Nilipochomoa, kilichokuwa ndani kilivutika kama utomvu wa mti. Nilikiweka ulimini kikashika kaakaa, na nilihitaji kidole kukitoa.

Mimi ni mzima wa koo. Nilisimama pale jikoni kidole kikiwa bado mdomoni, nikafikiria kingemfanya nini yeye.

Nilijaribu tena kwa kuongeza maji, kikawa gundi nyepesi. Nikajaribu kwa maziwa, kikawa gundi nyeupe. Jaribio la nne stima ilikatika, na sikusikitika. Nilikaa juu ya debe nikiangalia mikono yangu. Baadaye niliandika: ugali uliokwisha kuiva usitiwe kisuni, kadiri unavyokatwa ndivyo unavyonata. Ilinichukua siku nne na unga mwingi kupata mstari huo.

Njia niliyoifuata mwishowe haikuhitaji mashine hata kidogo. Nilichekecha unga wa wimbi kwa kitambaa hadi ukawa kama poda. Nilipika laini, kwa moto mdogo, kwa muda mrefu, nikisonga kwa mwiko upande mmoja tu. Nilipoutoa nikachanganya maziwa lala yaliyoganda kijiko baada ya kijiko mpaka ukaacha kunata kwenye mwiko. Kisha nikaumimina ndani ya kipande cha kibuyu kilicholowa, nikauacha ukae. Ulipopinduliwa juu ya sahani ulisimama wenyewe, wa mviringo, na juu ukang'aa kama ugali unavyopaswa kung'aa. Ukiugusa kwa kijiko ulikatika bila kuvutika.

Mashine niliiachia mboga na nyama. Chinsaga ina nyuzi. Niliichemsha na maziwa mpaka uchungu ukapungua, nikaisaga peke yake, nikaipitisha kwenye chujio. Nyama niliisaga peke yake na mchuzi wake. Nikaviweka katika sahani pana, kila kimoja upande wake, kijani mahali pake, hudhurungi mahali pake, na ugali katikati. Nilipoitazama ile sahani nilielewa matusi ya mzee kuhusu ng'ombe.

Hata hivyo siku mbili za kwanza mama mkwe alisema amekula vijiko vitano, kisha sita, kisha mzee akakataa.

"Mzee hakisemi chakula vibaya sasa," akaniambia. "Tatizo ni mimi. Anasema mimi nimemzalia watoto saba, nisimfanye wa nane. Nikimpelekea kijiko anafunga mdomo."

"Hawezi kutumia mkono wa kushoto?"

"Mbele ya nani? Yule mzee ale kwa kushoto mbele ya mtu?"

Ikaja Sabato. Ijumaa mchana nilipika na kusaga vya siku mbili kama kawaida, kwa kuwa siku hiyo hatuwashi mashine. Tunapasha moto tu. Mama mkwe ni shemasi, na Sabato ile ilikuwa ya meza ya Bwana. Mkate ulikuwa umeokwa na yeye, vitambaa vilikuwa kwake. Hakuwa na namna ya kutokwenda. Asubuhi alimketisha mzee wima kwa mito mitatu, akamfunga leso kifuani, akaja mlangoni kwangu na viatu vyake vya kanisa mkononi.

"Nikichelewa, mwache tu," akasema. "Atakula nikirudi."

"Mkirudi itakuwa jioni."

"Sasa utafanyaje? Utaingia?"

Alivaa viatu akaondoka.

Saa saba nilipasha chakula nikakipeleka hadi sebuleni mwao, mahali ninaporuhusiwa. Mlango wa chumba una pazia. Kando ya pazia, upande wa kulia, kuna ukuta wa tofali ambao yeye mwenyewe aliujenga kabla sijaolewa, na kichwa cha kitanda chake kimeegemezwa kwenye ukuta huo, karibu na mlango. Nilijua hayo yote kwa kusimuliwa. Nilichukua kigoda, nikaweka sahani juu yake, na kijiko, upande wa kushoto wa sahani. Niligeuza uso kwenye dirisha, nikapitisha mkono chini ya pazia nikasukuma kigoda ndani mpaka nikasikia kimegonga mbao za kitanda. Kisha nikaenda kukaa kwenye kiti kilicho upande wa pili wa ukuta, mgongo wangu ukielekea mgongo wake, tofali moja katikati.

"Tata," nikasema, kama tunavyomwita baba. "Chakula kiko kwenye kigoda. Mama yuko kanisani. Hakuna mtu humo ndani, na mimi siangalii."

Nilisikia nzi, na redio ya jirani.

Nilikaa. Nilikuwa nimeamka kabla ya jua kukamua ng'ombe, na kiti kile kina mto. Nadhani nilisinzia. Kilichoniamsha ni chuma kugusa bati la sahani, mara moja, kisha kimya kirefu. Nilishika pumzi nikisubiri kikohozi. Najua kikohozi cha salamu na cha vumbi; kikohozi cha kukabwa nilikuwa sijakisikia kutoka kwake, na nilikuwa nimekwisha kuamua, pale kwenye kiti, kwamba nikikisikia nitaingia, na chinsoni itatusamehe au isitusamehe.

Chuma kikagusa tena. Kisha tena, haraka kidogo. Hakukohoa.

"Mkamwana."

Sauti ilitoka nzito, herufi zimeteleza upande mmoja. Sikuwa nimesikia akiniita tangu augue.

"Naam, Tata."

"Ile ya kwanza. Uliyokuwa unaleta." Alipumzika. "Ilikuwa zege. Mtu amemwaga kila kitu kwenye karai, anazungusha."

"Ndiyo, Tata."

"Hii ni plasta."

Nilingoja.

"Ya kijani imezidi maji. Haishiki kijiko. Ingeanguka ukutani."

"Nitapunguza maziwa."

"Na nyama ina mchanga."

Sikuwa nimechuja nyama. Nilikuwa nimechoka Ijumaa ile nikajiambia haitajulikana. "Nitachuja," nikasema.

"Huo ugali," akasema, na hapo akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba niliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Nikasikia kijiko. "Huo usiuguse. Acha hivyo."

Mama mkwe aliporudi alikuta nimelala kitini na mdomo wazi. Aliingia chumbani akatoka na sahani, tayari anaelekea kwenye ndoo ya maji.

"Usiioshe," nikamwambia.

"Nini?"

"Nipe hivyo ilivyo. Na kesho pia. Kila siku."

"Nirudishe chombo cha mke wa mwanangu na makombo yake? Watu waseme nilizaliwa wapi?"

"Bila hivyo sijui amekula nini, Mama. Nilikuwa nawalisha kuku."

Alisimama na sahani mkononi akipima aibu hiyo. Mwishowe aliifunika kwa leso yake ya kanisani ili asionekane na mtu uani, akaivusha hadi kwangu kama mtu anayebeba kitu cha wizi. Mpaka leo ndivyo anavyofanya.

Tangu siku ile mzee hula peke yake, mlango umefungwa kwa pazia, mama mkwe akiwa uani, nami, siku ninapokuwa nyumbani, nikiwa upande wangu wa ukuta. Siku nyingine anamaliza. Siku nyingine anaacha nusu. Siku stima inapopotea nasaga kwa jiwe na kuchuja mara mbili, na mikono huniuma hadi kesho yake. Kliniki walimpima. Mama mkwe alirudi akiwa ameshika kadi mbele yake kama barua. Hakuwa ameongezeka hata kidogo, lakini hakuwa amepungua. Muuguzi alisema mpira ungoje, warudi mwezi ujao. Nilitarajia nitafurahi zaidi ya nilivyofurahi. Niliketi kwenye debe langu nikahesabu mwezi una milo mingapi, kisha nikainuka kwa sababu sufuria ilikuwa inafurika.

Jioni ile sahani ilikuja chini ya leso. Nilifunua. Chinsaga ilikuwa imekwisha, na mfereji wa kijiko ulionyesha alivyoanzia kushoto. Ugali ulikuwa umekwisha. Nyama ilikuwa imebaki, karibu nusu, lakini hakuiacha ovyo. Alikuwa ameisukumia ukingoni akaisawazisha kwa mgongo wa kijiko, tambarare, pembe zimenyooka, kama fundi anavyofunga kazi ya siku kabla ya kuosha mwiko.

Niliionja nyama ile, nikaandika katika safu ya mwisho: nyama, chumvi imezidi. Kisha nikaiosha sahani mwenyewe.